Elimu ya Binti: Hisani au Haki?

Kila mzazi wa Somanda, na wa Bariadi yote, yampasa ajiulize neno moja: binti niliyepewa ni wa nani?

Katika nchi yetu ya Usukuma mahari hutolewa kwa ng'ombe. Desturi hiyo si ovu kwa asili yake, maana iliunganisha jamaa mbili na kumpa mke heshima. Walakini hesabu nyingine imeingia ndani yake. Imesikika mara nyingi kwamba wako wazazi wamwagizao binti wa darasa la saba aandike majibu ya makosa katika mtihani, asichaguliwe kwenda sekondari, apate kuozwa. Tangu mwaka 2016 sheria yamwonya kwa kifungo cha miaka 30 mtu amwoaye mwanafunzi. Basi wenye hila hungoja mpaka asiwe mwanafunzi tena. Sheria imeshikwa, na mtoto amepotea.

Wamteteao binti husema, Msomeshe, naye atakutunza uzeeni. Ni kweli, lakini jibu hilo limebadili hesabu tu, halikuiondoa. Tukimsomesha kwa ajili ya faida, siku ng'ombe watakapoizidi faida hiyo tutamtoa shuleni. Na yule mgonjwa, au asiye mwepesi wa kujifunza, ambaye hatamrudishia baba yake kitu, je, hana haki? Binti hasomi kwa kuwa atatulipa. Asoma kwa kuwa ni mtu, amepewa akili kama ndugu yake.

Katika Hesabu, sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao, wakapewa. Hawakuulizwa wataleta faida gani. Nchi yetu nayo imeliona jambo la namna hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, bali mvulana angoje hata miaka 18. Rebeca Gyumi akalipeleka shauri hilo mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha.

Mzee mmoja aweza kusema, Ng'ombe wa dada ndio wamwozao kaka. Neno hili ni zito, wala halifai kudharauliwa, maana umaskini ni kitu cha kweli. Lakini kijana mwenye nguvu aweza kungoja, kulima pamba na kutafuta mahari yake. Utoto wa dada yake ukiisha kutolewa hauwezi kurudishwa. Ikiwa nyumba ina mzigo, na uchukuliwe na wote, usitwikwe aliye mdogo asiyeulizwa.

Basi, wainjilisti na wazee wa kanisa, msitangaze ndoa kabla ya kujua umri wa binti. Tena mwulizeni yeye mwenyewe, baba yake asipokuwapo, naye apewe nafasi ya kujibu. Nanyi wazazi, jioni kaka akishika kitabu na dada akishika ndoo, wabadilishaneni kazi, ili wote wawili wapate kusoma.