Madoa ya bibi ni ya nani?

Je, mchoraji ana ruhusa ya kuuona ugonjwa kuwa kitu kizuri? Nauliza nikiwa Tukuyu, na ninayemfikiria ni marehemu bibi yangu.

Huku kwetu usubi unajulikana. Inzi wadogo weusi wanaoueneza huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, na mito ya namna hiyo tunayo, Kiwira ukiwa mmojawapo. Wakimuuma mtu humwachia minyoo. Minyoo ikizaa, vitoto vyake hutambaa chini ya ngozi na kufia humo. Vikifika machoni huweza kupofusha. Miaka ikipita, miundi hupoteza rangi, madoa kwa madoa. Madaktari wanaiita ngozi ya chui.

Bibi alikuwa nayo. Na nisiwafiche, jamani, ukiitazama kama umbo tu, inavutia: visiwa vyeupe kwenye bahari ya kahawia, hata viwili havifanani. Ila yeye alivaa kitenge mpaka kwenye vifundo, hata shambani kwenye matope.

Rafiki yangu mchoraji, niliyemsimulia haya, anataka kuyachora. Picha dhahania, madoa matupu. Anasema umbo halina mwenyewe: seli ikigawanyika, ukungu ukitambaa kwenye mkate, ni mali ya macho. Kwa ukungu nakubali. Kwa ngozi ya mtu, sijui kwa nini ana haraka hivyo.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, ana kolaji 12 kuhusu uvimbe wa kizazi. Alichukua kurasa za michoro ya zamani ya kitabibu, akabandika juu yake macho, midomo, vipande vya magazeti. Ukifikiri vizuri, kurasa zile ndizo zilizokuwa dhahania. Mwanamke alishaondolewa zamani, ukabaki uvimbe na maelezo yake. Mutu akaurudishia uso, tena uso unaotisha, usioomba huruma ya mtu.

Lakini bibi angetaka uso? Hapo ndipo Mutu hanitoshi. Picha za kampeni za afya zimetuzoesha kipofu anayeongozwa na mtoto kwa fimbo, na bibi asingekubali kuwa picha hiyo. Nadhani angechagua madoa bila sura. Hiyo ni sitara, na si jambo dogo kwa mwanamke aliyefunika miguu miaka yote hiyo. Ila picha ileile ikitundikwa ukumbini mwa hoteli, ikaitwa "Mpangilio Na. 4", hajasitiriwa tena. Amefutwa, kama kwenye zile kurasa za madaktari.

Kwa hiyo nimemwambia rafiki yangu: chora, jina la bibi usiliweke, lakini picha iitwe "Usubi". Dawa sasa inagawiwa vijijini, wanangu wana miundi safi, na wakiyaona madoa yale ukutani watadhani ni ramani tu.

Yeye anasema kwa kichwa hicho haitanunuliwa. Huenda. Bado hajaanza kuichora.