Nipe Mji: Kitendawili, Safari na Mchezo wa Kompyuta

Katika utegaji wa vitendawili, pwani na bara, pana desturi moja ambayo wengi huipita kama mzaha wa watoto. Mtegaji hutega, wategwa hujaribu, hushindwa, na hapo mtegaji hudai: "Nipeni mji." Huyu hutoa Lamu, mtegaji akaukataa. Yule hutoa Ujiji, nao akaukataa. Mwishowe hutokea wa kusema, "Tunakupa Singida," naye akaukubali. Kisha husafiri. Akiwa amekaa pale pale mkekani, husimulia kuwa alikwenda Singida, akapokewa kwa heshima, akala kuku kwa ugali wa uwele, akalitazama ziwa Singidani na majabali yaliyopandana kama yaliyopangwa kwa mkono, na kwamba alipokuwa akirudi ndipo alipolikuta jibu. Hulitaja, na kitendawili kikaisha.

Kwa nini jibu lilipiwe? Ni neno moja au mawili, wala mwenye kulitoa hapungukiwi na kitu. Wahenga wameacha methali mbili ambazo kwa juu juu hazipatani. Moja yasema kuuliza si ujinga. Ya pili yasema asiyejua maana haambiwi maana. Ya kwanza yafungua mlango, ya pili yaufunga, na kila aliyewahi kufundisha au kulea amesimama kati ya hizo mbili asijue ashike ipi. Suala hilo la kale limezuka upya mahali ambapo wapenzi wa ushairi huenda wasilitafute, yaani katika michezo ya kompyuta.

Miongoni mwa michezo hiyo limo fungu linalofaa kuitwa michezo ya mikasa. Humo mchezaji haambiwi akimbie wala apige shabaha. Huwekwa mahali asipopajua, akaachiwa vitu vichache, na njia iliyo mbele yake imezibwa na fumbo: mlango usio na ufunguo, mlinzi asiyesikia maombi, maandishi yasiyosomeka. Hapiti kwa wepesi wa vidole, hupita kwa kuwaza. Mchezo wa mwanzo wa namna hii aliutunga Mmarekani Will Crowther, mpenda mapango, ambaye mnamo 1976 aliandika kwa maneno matupu, bila picha hata moja, safari ndani ya pango lililoigwa kutoka mapango ya Mammoth Cave huko Kentucky. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, naye alikusudia mchezo huo uwafurahishe binti zake. Mwaka wa 1977 Don Woods aliupanua. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali, akaandika neno moja au mawili, akajibiwa. Kwa sura hiyo haukuwa mbali na mkeka wa vitendawili: mmoja anatega, mwingine anajibu, na kati yao pana giza.

Fungu hilo lilitamalaki kwa muda. Myst, uliotungwa na ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, ukatolewa 1993, ulimweka mchezaji katika kisiwa kitupu chenye mitambo na vitabu, bila kumweleza alifikaje wala atoke vipi. Ndio uliouzwa kuliko michezo yote ya kompyuta binafsi mpaka ulipopitwa na The Sims mwaka 2002. Mamilioni ya watu walikubali kulipa fedha zao ili wakwame. Wapo waliojaza madaftari michoro na tarakimu, na wapo waliolala na fumbo wakaamka nalo.

Nao waliokwama kabisa waliwekewa mji wao wa kutoa. Kampuni ya Infocom, katika miaka ya 1980, iliuza vijitabu vya vidokezo vilivyochapwa kwa wino usioonekana. Msomaji alipitisha kalamu maalumu juu ya karatasi, na maneno yakajitokeza. La kwanza lilikuwa dokezo la mbali, la pili lilisogea karibu, na la mwisho lilikuwa jibu lenyewe. Kwa hiyo kila alipopitisha kalamu alijua amekubali kushindwa kiasi gani, na angeweza kusita baada ya dokezo moja akarudi kujaribu tena. Yalikuwa biashara, lakini biashara iliyomwachia mtu kipimo cha heshima yake.

Hata hivyo haitakuwa haki kuwalaumu wachezaji peke yao kwa yaliyofuata. Wapo watunzi waliokuwa wategaji dhalimu. Katika King's Quest V, wa mwaka 1990, msafiri hushikwa na njaa milimani hali ana pai mfukoni. Akiila, njaa itatulia na safari itaendelea. Lakini mbele atakutana na zimwi la theluji ambalo haliondoki isipokuwa kwa kurushiwa pai hiyo. Hakuna aliyemwonya. Kosa lake ni kula alipokuwa na njaa. Mtunzi Ron Gilbert aliyapinga mambo hayo kwa maandishi mwaka 1989, na katika The Secret of Monkey Island, uliotoka mwaka uliofuata, akahakikisha kwamba mchezaji hapotezi njia pasipo kujua.

Washairi wa pwani hawakuhitaji kufunzwa jambo hili. Katika ngoma ya gungu fumbo lilifungwa mbele ya watu ili lifunguliwe mbele ya watu, na mshairi ambaye fumbo lake halikuwa na njia ya kufunguka hakuhesabiwa kuwa hodari. Fumbo ni ahadi. Anayelitega anaahidi kwamba jibu lipo, na kwamba likishajulikana mtegwa atajiona alikuwa nalo karibu muda wote. Pasipo ahadi hiyo kilichobaki ni uonevu, na aliyeonewa hadaiwi mji.

Kisha ukaja wakati ambao ahadi na uonevu vyote vilikosa thamani, kwa kuwa intaneti ilitoa majibu yote bure na kwa mara moja. Grim Fandango, mchezo uliosifiwa sana, ulitoka 1998 na mauzo yake yakawa haba. Mwaka 2004 kampuni ya LucasArts ilifuta mwendelezo wa Sam & Max ukiwa katika kutengenezwa. Jina la mikasa halikufa, bali lilihamia kwingine. Kuanzia Tomb Raider wa 1996, mapango, mahekalu na hazina vilichukuliwa na michezo ya kuruka na kupigana. Humo fumbo likawa pumziko kati ya pigano na pigano, na katika mingi ya leo mshale huonyesha mchezaji aelekee wapi, naye akichelewa kidogo, sauti humnong'oneza la kufanya.

Je, safari iliyoonyeshwa njia ni safari bado? Hapa Singida iliyotolewa kwa maneno mkekani yafaa iulizwe habari zake za kweli. Kusini mwa mkoa huo, katika nchi ambayo leo ni ya Manyoni na Itigi, misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuta pori la vichaka na uhaba wa maji lililoitwa Mgunda Mkali. Ugogo ulikuwa nyuma, pamoja na hongo zake. Unyamwezi ulikuwa mbele. Kati ya nchi hizo palikuwa na siku za kiu na vituo vichache kama Jiwe la Mkoa. Burton na Speke walipapita mwaka 1857, nao wakasifiwa kwa ujasiri huko kwao. Lakini wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikwishapapita kabla yao, wakapapita tena baada yao, na mzigo begani.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Penye njia panda aliizuia njia isiyo kwa tawi la mti au kwa mstari uliochorwa kwa mguu, ili wa nyuma wasipotee. Wapagazi, basi, walionyeshwa njia hatua kwa hatua, na hakuna mwenye akili atakayesema hawakusafiri. Walioyasoma masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, mwaka 1901, wanajua kuwa kuwa na njia hakukuipunguza safari uzito wake. Kwa hiyo mshale wenyewe si lawama. Kirangozi alionyesha njia, ila hakumbebea mtu mzigo wala hakumnywea maji. Lawama ipo pale ambapo kiongozi huchukua na mzigo, mchezaji akafika na mabega makavu.

Tofauti hiyo yaonekana hata katika mabanda ya michezo yaliyoenea mijini Tanzania, ambako vijana hulipa sarafu wapate zamu mbele ya televisheni. Kinachotawala humo ni mpira, na sababu zake ni nyepesi kueleweka. Mechi huisha kwa dakika chache na mwingine akaingia. Ina mpinzani na watazamaji. Wala haimdai mtu kusoma Kiingereza. Mkasa wadai saa kumi na zaidi, na mtu akikwama, sarafu zake zinaendelea kuliwa huku yeye akiwaza. Kukwama kumekuwa anasa ya mwenye kompyuta, umeme na lugha ya kigeni. Mtoto wa Singida ambaye bibi yake angemtegea vitendawili bila malipo hukuta kwamba, mbele ya kioo, kuwaza kunauzwa kwa dakika.

Wakati huo huo mikasa yenyewe imegeuza swali lake. Katika The Walking Dead, wa 2012, mtu aliyehukumiwa kwa mauaji anamlinda mtoto wa kike katika nchi iliyoharibika, na mchezaji haulizwi tena jibu ni lipi, huulizwa atafanya nini: amwokoe nani, aseme kweli au afiche, na muda unakwenda. Wapo waliolalamika kwamba njia zote hurudi kukutana mbele, kwa hiyo uchaguzi ni wa bandia. Lakini msikilizaji wa ngano za mtanziko, zile zinazoishia kwa kuuliza ni nani kati ya ndugu watatu anayestahili zawadi, hajawahi kudai kwamba uamuzi wake ubadilishe hadithi. Uamuzi humbadilisha yeye mbele ya waliomsikia. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, mchezo uliozaliwa na msiba wa baba yake na unaoweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Mtindo wake ni wa kuruka na kupigana, lakini mzigo wake haubebwi na vidole: kijana apatana na mungu wa mauti ili arudishiwe baba. Kiswahili kimeingia humo kwa mlango wa majonzi, mlango ambao tungo zake zimeujua tangu zamani.

Wala fumbo halijatoweka. Return of the Obra Dinn, wa Lucas Pope, ulitoka 2018. Unampa mchezaji jahazi lililorudi bandarini bila mtu aliye hai, pamoja na orodha ya majina 60, naye atambue kila mmoja alipatwa na nini. Mchezo haukiri kuwa amepata mpaka apate watatu kwa pamoja, ili kubahatisha kusimfae kitu. Na Return to Monkey Island, wa 2022, ambao Ron Gilbert aliurudia akijua majibu yote yatakuwa kwenye intaneti siku chache tu baadaye, umebeba ndani yake kitabu cha vidokezo kinachotoa dokezo moja baada ya jingine. Hakumzuia mtu kuuliza. Alimpa namna ya kuuliza polepole.

Hapo zile methali mbili zinapatana. Kuuliza si ujinga, na anayemnyima aliyekwama kwa dhati ni mchoyo wala si mwalimu. Lakini asiyejua maana haambiwi maana kabla hajakiri kwamba hajui, na kukiri huko ndiko kutoa mji. Mji si faini. Ni kitu chema ambacho aliyeshindwa anampa aliyemshinda, naye aliyeshinda hulazimika kuusafiria na kuusifu kabla ya kusema. Kwa hiyo jibu lilifika likiwa na deni pande zote mbili, na deni hilo ndilo lililoufanya mkeka ujae tena usiku wa pili. Jibu lililochukuliwa kwenye kioo halina mwenyewe. Hakuna aliyelitega kwa ajili ya huyu, hakuna aliyeshuhudia kwamba alijaribu, na kesho hatakuwa na la kumtegea mwenziwe.

Anayemwona mtoto akitaka kufungua jibu kabla ya kufikiri hana haja ya kumpokonya simu. Amwulize tu: utanipa mji gani? Mtoto akisema Singida, mzee naye ana wajibu wake. Itambidi aseme habari za Singida, za majabali, za ziwa, za wapagazi waliovuka Mgunda Mkali na mizigo begani, na asilitaje jibu mpaka amerudi.