Mchezo Usio na Mwisho



Swali moja huletwa mara nyingi katika mafundisho ya vijana na katika vikao vya wazee: Je, ni vibaya mtu kucheza mchezo wa motokaa katika simu yake? Wengine hujibu upesi kwamba ni upuzi mtupu. Wengine hujibu upesi vile vile kwamba haumdhuru mtu. Sisi twaona majibu yote mawili yametolewa kwa haraka. Yafaa kwanza tuutazame mchezo wenyewe jinsi ulivyo, ndipo tuupime.

Uko mchezo mmoja ujulikanao sana, jina lake Hill Climb Racing. Uliutengenezwa na Toni Fingerroos, mtu wa Ufini, ukatolewa mwaka 2012 na kampuni yake ya Fingersoft iliyo katika mji wa Oulu. Mchezaji hupewa motokaa ndogo, na mbele yake njia ya vilima, yenye kupanda na kushuka. Kidole gumba cha kuume huongeza mwendo, cha kushoto hufunga breki. Njiani huokota sarafu na madebe ya mafuta. Akikaza mwendo mno, motokaa hupinduka na dereva huvunjika shingo. Akikawia mno, mafuta humwishia. Tena, kadiri aendavyo mbele, madebe yale huwekwa mbali zaidi. Kwa sarafu alizopata hununua injini yenye nguvu, magurudumu mazuri, hata motokaa nyingine. Kisha huanza tena safari katika mita ya kwanza.

Basi, angalieni jambo hili: mita zahesabiwa, lakini mji wa kufikia haupo. Hapana abiria wa kuteremsha wala mzigo wa kupakua. Kila safari huisha kwa kupinduka au kwa kuishiwa, na hapo hapo mchezaji hualikwa kuanza upya.

Sisi tukaao Morogoro twazijua barabara za vilima. Lori lishukalo kutoka Nyandira huko Mgeta, likiwa na kabichi na viazi, hupita kona nyingi na matope ya masika. Dereva wake huchoka kuliko mchezaji ye yote. Lakini sokoni wapo watu wanaomngoja, naye akifika huzima injini, na kazi ya siku ile imekwisha. Uchovu wake una mahali pa kutua.

Je, kosa la mchezo ule ni kwamba hauzai kitu? Hatuwezi kusema hivyo. Watoto wetu huunda vigari vya waya na maboksi, magurudumu wakayakata katika kandambili zilizochakaa, wakavisukuma vijiani mchana kutwa. Havibebi mzigo wo wote, wala hatuwakemei. Wazee huketi chini ya mwembe wakicheza bao, na jioni hapana aliyevuna kitu ila furaha ya wenzake. Mwanadamu aliumbwa mwenye kucheza, na asiyejua kucheza huwa mzito kwa jirani zake. Kijana wa bodaboda angojaye abiria pale Msamvu, au mlinzi wa usiku apiganaye na usingizi, akicheza kidogo hatumhesabii hatia.

Je, kosa ni kule kukosa mwisho? Hili nalo halitoshi. Magugu ya shambani hurudi kila masika. Uwanja uliofagiliwa leo utataka kufagiliwa kesho. Kazi nyingi zilizo njema hazina mwisho, na waaminifu huzifanya mpaka kufa.

Kwa hiyo twauliza swali la tatu, nalo ndilo twaliona kuwa kiini cha jambo: mwisho wa mchezo hutoka wapi? Zamani ulitoka nje ya mchezaji, wala hakuwa na haja ya kuutafuta. Katika bao, mmoja hushindwa, kete zikakusanywa. Au mwenzako husema, Basi, naenda kunywesha mbuzi. Kigari cha mtoto hukatika waya, au mama huita, au giza huingia. Mwenzetu, mwanga wa jua na uchakavu wa vitu vilikuwa walinzi wetu, nasi hatukujua kwamba twalindwa.

Simu imewaondoa walinzi hawa wote. Haina mwenzi wa kuchoka. Usiku huangaza kuliko mchana. Motokaa iliyovunjika hupona mara moja. Tena wako watu ambao faida yao ni sisi tusiondoke. Michezo hii hutolewa bure, lakini watengenezaji hulipwa kwa matangazo ya biashara yaonyeshwayo kati ya safari na safari. Mara nyingi mchezaji huahidiwa sarafu zaidi akikubali kutazama tangazo. Kidole kikidumu, matangazo hudumu, na bando hulipwa na mchezaji mwenyewe.

Nguvu ya kumshika mtu hivi ilijulikana kabla ya simu hizi. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, aliwafungia njiwa katika sanduku lenye kitufe cha kudonoa. Aliona kwamba njiwa apataye chakula pasipo kujua ni donoo lipi litakaloleta punje hudonoa kwa bidii sana, wala haachi upesi hata chakula kikikoma. Mchezaji naye hajui ni safari ipi itakayompeleka mbali kuliko ya jana. Kwa sababu hiyo husema, Moja tu tena. Hata watengenezaji wengine wameogopa kazi ya mikono yao. Dong Nguyen wa Vietnam alitoa mwaka 2013 mchezo wa ndege mdogo uitwao Flappy Bird, nao haukuwa na mwisho. Ulipoenea duniani na kumletea fedha nyingi, aliuondoa mwezi wa Februari 2014, akieleza kwamba aliukusudia kwa dakika chache za kupumzika, nao umekuwa kifungo kwa watu. Kijana yule alitia kikomo mahali ambapo faida ilimwambia asikitie. Twamheshimu kwa tendo hilo.

Milima yetu nayo ina fundisho. Mwaka 1955 watu wa Uluguru walikataa kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na Serikali ya wakoloni. Waliona kazi ni nzito, na udongo usio na rutuba waletwa juu, wala mavuno hayazidi. Machafuko yalitokea huko Matombo, na mpango ule ukaachwa. Hatusifu machafuko, lakini swali lililokuwa chini yake lafaa kukumbukwa: Jasho hili ni la nani, na faida yake ni ya nani? Babu zetu waliuliza hivyo juu ya jembe walilolazimishwa kulishika. Je, wajukuu hawataliuliza juu ya kioo wanachokishika kwa hiari?

Maana kitu kinachopotea ni kikubwa kuliko muda. Mtoto arudipo kutoka shule na neno moyoni, akamkuta baba ameinamia kioo, husimama kidogo, kisha huenda zake. Neno lile huenda lisirudi tena. Mama aliyeshuka mlimani na ndizi kichwani huingia nyumbani, asipate wa kumtua mzigo, kwa kuwa mafuta ya motokaa isiyokuwapo yako karibu kwisha. Hapa twaona hatia, ikiwa ipo. Mwenzetu alikuwa ndiye mwisho wa mchezo wetu. Alipokuja, sisi tukamgeuza kuwa kizuizi cha mchezo.

Tusimwite kila mchezaji mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika mwaka 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa michezo ya namna hii. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuuweka mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea ijapokuwa aona madhara. Na kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu mwaka mzima. Mwenye dalili hizi ahitaji msaada, wala karipio peke yake halitamponya. Wengi wetu hatujafika huko. Lakini njia ya kufika ni ile ile, nayo huanza kwa neno, Moja tu tena.

Basi, wainjilisti na walimu, mkiulizwa na vijana, msiwaambie kwamba kucheza ni dhambi, maana hawatawaamini, nanyi mtakuwa mmesema lisilo kweli. Waambieni hivi: kwanza, mchezo usiokupa mwisho wakudai uje na mwisho wako. Weka kikomo kabla ya kuanza, kwa maana kidole kikiisha kushika mwendo si mshauri mwema. Pili, mtu akiingia, huo ndio mwisho. Weka simu chini, hata kama umefika mita ambazo hujapata kuzifikia. Tatu, usiku uwe usiku. Mungu mwenyewe alimaliza kazi yake, akapumzika siku ya saba. Nasi tulioumbwa naye twahitaji kitu ambacho kwa kweli kimekwisha, ili tupumzike.

Nasi wazazi na wachungaji tusiwatwike vijana mzigo huu peke yao. Kijana akiitwa aache mchezo wake, na awepo amwitaye kwa upendo, na chakula mezani, na mazungumzo yanayomngoja. Anayetakiwa kuzima motokaa yake yafaa apate mahali pa kufika.