Sindano ya Kuyeyusha Kidevu cha Pili: Je, ni Dhambi?



Swali hili vijana huliuliza kwa sauti ya chini: "Hivi nikichoma ile sindano ya kuyeyusha mafuta, nitakuwa nimetenda dhambi?" Na sisi wengi jibu tunalo kabla hata hatujasikiliza. Mmoja atasema mwili ni wako, fanya unavyotaka. Mwingine atasema Mungu ndivyo alivyokuumba, baki hivyo hivyo.

Hilo la pili linasikika kama la imani, ila halisimami. Anayelisema huenda amevaa miwani, meno yake yalifungwa waya, na kichwani amesuka rasta. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku 5 tu kabla ya kufariki, Papa Pio XII alizungumza na madaktari wa Italia wanaofanya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Hakuwafukuza. Aliwaeleza kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema la juu kabisa, na kwamba upasuaji wa urembo unaweza kuwa halali endapo nia ni safi, afya haiwekwi kwenye hatari kubwa, na sababu inalingana na kinachofanyika.

Basi tuanze na hatari, maana hapo ndipo watu wanadanganywa zaidi. Dawa yenyewe ni asidi ya deoksikoliki, kitu ambacho mwili unacho tayari kwenye nyongo, kinasaidia kusaga mafuta ya chakula. Ikidungwa chini ya ngozi inapasua chembe za mafuta, na chembe zikishakufa hazirudi. Mwaka 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliiruhusu kwa watu wazima, tena kwa sehemu moja tu: mafuta ya chini ya kidevu. Siyo tumbo, siyo mapaja, siyo ile tunayoiita nyama uzembe. Kikao kimoja kinaweza kuwa na michomo hadi 50, na vikao vinaweza kufika 6, vikipishana angalau mwezi mmoja. Kuvimba, maumivu na ganzi ni mambo ya kawaida. Katika majaribio, watu kama 4 kati ya 100 waliumia mshipa wa fahamu wa taya, tabasamu likaenda upande, na kama 2 walipata shida ya kumeza. Walipona, lakini hapo ni mikononi mwa daktari aliyefunzwa, na dawa ni yenyewe.

Ile chupa inayouzwa mitandaoni na kudungwa chumba cha nyuma cha saluni ni habari nyingine. Desemba 2023 FDA hiyo hiyo ilionya kuhusu sindano za kuyeyusha mafuta zisizoidhinishwa: makovu ya kudumu, maambukizi makali, vinundu vigumu vyenye maumivu. Hapa mimi sioni mjadala. Amri ya tano inalinda na uhai wako wewe mwenyewe.

Nia ndiyo ngumu. Faida ipo, tusijifanye hatuioni. Kidevu cha pili mara nyingi ni cha kurithi, hata mtu mwembamba anaweza kuwa nacho, kwa hiyo tuache kumsingizia mwenzetu ulafi. Mtu mzima aliyetafakari, mwenye daktari wa kweli, ambaye hajaiba ada ya mdogo wake, siwezi kumwambia anatenda dhambi.

Lakini binti anayechoma kwa sababu mchumba amemwambia "punguza hapo kidogo kabla ya sendofu", huyo ningemwomba asubiri. Sababu inayolingana iko wapi? Mwenye tatizo ni yule anayetazama, anayedungwa ni yeye. Leo ni kidevu, na akishajifungua mtoto wa kwanza itakuwa tumbo. Kaka zangu, maneno hayo huwa tunayatoa sisi kama utani.

Katekisimu, namba 2289, inatutaka tuheshimu uhai wa mwili bila kuugeuza mwili kuwa kitu cha kuabudiwa. Na ajabu ni kwamba kwetu shangazi akikuambia "umenawiri" anakusifia kwa moyo wote. Siku hizi tunatoka pale tukaenda kulia chooni. Shangazi hajabadilika. Kilichobadilika ni ile simu tunayoishika karibu na uso mara 40 kwa siku.

Ningependekeza hivi: kabla ya kulipa, sali novena, siku 9, na siku hizo usijipige selfi hata moja. Ukimaliza na bado unataka, muulize daktari jina la dawa na kama imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yako. Kwa Tanzania ni TMDA. Na kama ulishachoma mtaani na sehemu imekuwa ngumu, inauma au imebadilika rangi, nenda hospitali leo. Kwa padre utakwenda kesho.