Urefu wenye kazi

Mashabiki wa riwaya za fantasia hawaachi kubishana kuhusu The Wheel of Time ya Robert Jordan: vitabu 14, kuanzia 1990 hadi 2013, vitatu vya mwisho vikikamilishwa na Brandon Sanderson baada ya Jordan kufariki mwaka 2007. Wanaoulaumu urefu wake hukinyooshea kidole kitabu cha 10, cha mwaka 2003, ambamo kurasa nyingi zinapita wahusika wakishangaa tu tukio lililokwisha kusimuliwa katika kitabu cha 9. Lawama hiyo ni ya haki, lakini ni ya kitabu hicho, si ya urefu wenyewe. Mtazame Nynaeve, mganga wa kijiji anayevuta msuko wa nywele zake kila anapokasirika, maana bila hasira nguvu zake za kichawi hazimtii. Kizuizi hicho kinavunjika katika kitabu cha 7, anapokaribia kufa maji na hatimaye kuacha kupambana. Riwaya fupi ingeweza kulisimulia tukio hilo kwa sura mbili, na msomaji angelielewa. Asingelihisi, kwa kuwa asingekuwa ameishi na hasira zile kitabu baada ya kitabu.