Mficha Uchi Hazai: Funzo kwa Anayejiandaa na Usaili wa Serikali

Mficha uchi hazai. Ni maneno matatu tu, lakini wahenga hawakuyazungusha. Wapo wanaoisikia methali hii wakafikiria unyumba, na wapo wanaofikiria chumba cha uzazi: mwanamke ameshikwa na uchungu, anaona haya kumfunulia mkunga, na kwa haya hizo anahatarisha mtoto na roho yake mwenyewe. Picha zote mbili zina kauli moja: jambo jema analolitamani mtu haliwezi kufika bila kwanza kufunua asichopenda kionekane. Maana ya ndani ni kwamba mwenye shida asiyekubali kuionyesha kwa mwenye uwezo wa kuitatua atabaki nayo.

Mara nyingi methali hii huelekezwa kwa mgonjwa anayemficha daktari au mdaiwa anayewaficha nduguze. Kuna kundi jingine linaloihitaji kuliko linavyodhani, nalo ni la vijana wanaojiandaa na usaili wa utumishi wa umma. Hapa Tanzania, nafasi nyingi za serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Msailiwa huanza na mchujo wa maandishi, na akivuka hukaa mbele ya jopo la mahojiano. Ushindani wake unajulikana. Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji.

Penye umati wa namna hiyo, kila mtu hutaka aonekane yuko tayari. Katika makundi ya kujisomea madesa yanazunguka, pasti pepa zinajibiwa, na mmoja akieleza wengine wanatikisa vichwa. Asiyeelewa naye anatikisa. Hapo ndipo uchi unapofichwa. Kutojua peke yake si hatari, kwa kuwa kila msomi alianzia huko. Hatari ni kutojua kulikovalishwa maneno ya anayejua, na nguo yenyewe ni kukariri.

Chukua swali la mihimili ya dola. Kila msailiwa anaweza kuitaja: Serikali, Bunge na Mahakama. Anaweza pia kutamka kwamba madaraka yamegawanywa. Kisha anaifungua Katiba ya mwaka 1977, anafika ibara ya 62, na kukuta kwamba Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Moyoni linazuka swali la haki kabisa: ikiwa mihimili imetenganishwa, imekuwaje mkuu wa Serikali awe sehemu ya Bunge? Wengi huliona swali hili wakaligeuzia kisogo, wakijiambia kuwa halitatoka.

Angeliuliza, angepata ufunguo wa somo zima. Ibara ya 97 inaeleza kuwa Bunge hutunga sheria kwa kupitisha miswada ambayo hatimaye hupata kibali cha Rais. Muswada uliopitishwa na Wabunge bado si sheria mpaka kibali hicho kitolewe. Kwa hiyo Rais anaingia katika kazi ya kutunga sheria bila ya kuwa Mbunge na bila ya kupiga kura bungeni. Mgawanyo wa madaraka, basi, haukukusudiwa kujenga kuta zisizopitika baina ya mihimili. Umekusudiwa kuhakikisha kwamba hakuna mhimili mmoja unaomaliza jambo kubwa peke yake. Aliyelipata hilo hahitaji tena kukariri, maana hata swali likigeuzwa namna gani, atalijibu kutokana na hoja yenyewe.

Katika uchumi ni vivyo hivyo. Taarifa ikisema mfumuko wa bei umeshuka, msailiwa anaandika kuwa bei zimeshuka, huku akijua wazi kwamba dukani hakuna kilichopungua. Mashaka hayo ni mali, lakini anayaona ni aibu. Tuseme bidhaa ilikuwa shilingi 2,000, mwaka uliofuata ikawa 2,200, na mwaka wa tatu ikafika 2,310. Ongezeko la kwanza ni asilimia 10, la pili ni asilimia 5. Mfumuko umepungua kwa nusu, na bado mnunuzi analipa zaidi. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Ukungu huo huo huzifunika nakisi ya bajeti na deni la taifa. Nakisi ni pengo kati ya mapato na matumizi ya mwaka mmoja wa fedha, kuanzia Julai mosi hadi Juni 30. Deni ni jumla ya mikopo ya miaka yote isiyolipwa. Nakisi inaweza kupungua mwaka huu na deni likaendelea kukua.

Kwa nini basi mtu mzima, mwenye shahada, asiulize? Kwa sababu tangu darasani alizoea kuona anayeuliza akichekwa. Na kwa sababu shahada yenyewe imekuwa kama kiapo kwamba anajua, hivyo swali linaonekana kama kuvunja kiapo. Methali haimdharau mtu huyu. Haya ni pambo la muungwana, na jamii yetu haikuacha kuzithamini. Isipokuwa wahenga walizipangia nafasi yake: staha ipo kwa ajili ya kulinda uhai na utu, na siku staha inapogeuka kuziba njia ya uhai, staha ndiyo inayopisha. Hapo falsafa ya methali inajitokeza. Heshima ya mwanadamu haipo katika kuonekana hana upungufu. Ipo katika kuushughulikia upungufu wake.

Hata hivyo, wahenga hao hao walituachia nyingine: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Je, zinapingana? Zinawekeana mipaka. Anayejifungua hajifunui sokoni. Hujifunua mbele ya mkunga, kwa wakati wake, kwa lengo. Vivyo hivyo, mashaka ya kitaaluma yana pa kupelekwa: kwa mwalimu wa somo, kwa aliyewahi kufanya kazi hiyo, au kwa maandishi asilia ya sheria yenyewe. Ukiyamwaga kwenye kundi la mamia ya watu wanaobahatisha, utarudi na majibu kumi yanayogombana. Tena swali lenyewe liwe na umbo. Kusema "Katiba siielewi" bado ni kujificha, kwani hakuna anayeweza kuona shida iko wapi. Kusema "sielewi kwa nini ibara ya 62 inamweka Rais ndani ya Bunge" ni kuonyesha panapouma.

Methali inamgusa na mkunga pia. Mkunga anayemcheka mzazi huwafundisha wote watakaokuja nyuma kujifunika. Mwalimu au kaka mkubwa anayejibu "hata hilo hulijui?" amefunga midomo ya watu wengi zaidi ya huyo mmoja. Karne nyingi zilizopita huko Ugiriki, Socrates, ambaye mama yake alikuwa mkunga, alielezwa katika kitabu cha Plato kiitwacho Theaetetus akiifananisha kazi yake na ukunga: haweki mawazo kichwani mwa mtu, anamsaidia kuyazaa. Mswahili hawezi kushangaa, kwa kuwa amekuwa na methali yake.

Na mkunga, awe hodari vipi, hamsukumii mzazi mtoto wake. Baada ya kuelezwa, kazi inarudi kwa muulizaji. Alifunge daftari, alieleze jambo kwa maneno yake, alitolee mfano ambao hakupewa. Akishindwa, mashaka bado yapo na aulize tena bila kinyongo. Anayeuliza ili apewe jibu la kunakili amefunua uchi bila ya kukusudia kuzaa.

Mwisho wa yote, usaili ni wa saa chache, na utumishi ni wa miaka. Ofisini maswali hayaji na herufi A hadi D. Afisa atakayeingia bila kujua kwamba kanuni hutungwa chini ya sheria, na kwamba waraka hauwezi kuifuta sheria, siku moja atamnyima mtu haki yake huku akiamini anafuata utaratibu. Akiwa na mazoea ya kuficha, hatamuuliza mwanasheria wa halmashauri aliyekaa chumba cha pili, atagonga muhuri. Aliyejifunza kuuliza kabla ya usaili ataingia kazini na tabia hiyo. Aliyefaulu kwa kuficha ataajiriwa pamoja na alichokificha, na wa kulipia gharama ni mwananchi aliyepanga foleni mlangoni kwake.