Vakansi ya mtoto ni ya nani?



Mwanzo wa mwezi wa saba, watoto wakisha kupokea matokeo yao ya masomo, nyumba nyingi za Kasaji zinaingia katika shauri moja. Baba anauliza: huyu mtoto atafanya nini miezi miwili? Mama anajibu kwamba kazi iko nyingi. Mwalimu wa korale amekwisha kuandika majina yake, mkubwa wa fanfari vilevile, na vijana wa mpira wametengeneza kiwanja na kupanga timu za mitaa. Kuna pia masomo ya vakansi, ambayo mzazi analipa ili mtoto asisahau hesabu. Kila mmoja anavuta mkono wa mtoto. Juu ya mtoto mwenyewe, kwa kawaida hakuna anayemwuliza.

Ninataka tufikiri pamoja juu ya ulizo ambalo linaonekana kuwa dogo. Saa za mtoto katika vakansi ni mali ya nani? Ni za mzazi aliyemzaa na kumlisha? Ni za kanisa? Ao ni zake?

Wengi watajibu upesi kwamba ni za mzazi, na wana sababu yenye nguvu. Tusiwacheke wazazi wanaoogopa mtoto asiye na kazi. Sisi tunakaa katika jimbo la Lualaba, na njia ya kwenda Kolwezi kila mtu anaijua. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo ya kobalti ya upande wetu. Humo watoto walieleza kwamba walipata franka 1.000 mpaka 2.000 kwa siku. Na wale waliokuwa wakisoma walisema kwamba siku zisizo za masomo, na wakati wa vakansi, walifanya kazi saa 10 mpaka 12 kwa siku. UNICEF ilikuwa imekadiria mwaka 2014 kwamba watoto karibu 40.000, wavulana na wasichana, walikuwa katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Sheria ya kulinda mtoto ilikuwako tayari, tangu tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009. Basi vakansi kwa watoto wale haikuwa pumziko. Ilikuwa msimu wa kubeba mifuko.

Kwa hiyo mama anayempeleka mwana wake kwa fanfari ili asifuate wenzake karieri, huyo hafanyi majivuno. Anajenga ukuta. Ninamsifu.

Lakini tazameni jambo lingine. Kulinda saa za mtoto na kujaza saa za mtoto si neno moja. Kuna kijana ambaye asubuhi yuko katika masomo ya vakansi, saa sita katika fanfari, saa tisa kiwanjani, jioni katika mazoezi ya korale, na siku ya kwanza ya mwezi wa tisa anarudi shuleni amechoka kuliko alivyotoka. Ukimwuliza baba yake kwa nini, atasema: ni kwa faida ya mtoto. Lakini mara nyingine faida hiyo ni ya baba, maana ni jambo tamu kusikia watu wakisema kwamba mwana wa fulani anapiga trompeti vizuri.

Mtu atanipinga akisema kwamba mambo makubwa yalitoka katika michezo iliyopangwa na watu wa dini. Ni kweli. Mwaka 1939, mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, watawa Wabenedikto waliosimamia shule ya Saint-Boniface waliunda timu ya mpira kwa wanafunzi wao. Timu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa TP Mazembe, na mwezi wa kumi na mbili 2010, kule Abu Dhabi, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya vilabu vya dunia. Ilifungwa na Inter ya Milano 3 kwa 0, lakini siku ile Katanga nzima haikulala. Ni jambo la kushukuru. Lakini hesabuni tangu 1939 watoto wangapi wamepiga mpira wa matambara katika vumbi la kiangazi, kutoka Lubumbashi mpaka Dilolo, wasifike popote. Tuseme walipoteza wakati? Kama mchezo una maana tu ukimfikisha mtoto Abu Dhabi, basi karibu watoto wote walicheza bure. Mimi siamini hivyo. Mtoto anapokunja waya na kutengeneza gari lake, ao anapokaa mbele ya mashimo ya kisolo akihesabu mbegu, hajitayarishi kwa jambo lingine. Jambo lenyewe ni lile.

Nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipoonyeshwa Yerusalemu uliorudishwa, aliona wazee wameketi na fimbo zao kwa sababu ya miaka mingi, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia za mji. Hakusema kwamba walikuwa wakijifunza. Kwake mchezo wenyewe ulitosha kuwa alama kwamba mji umepona. Na angalieni kwamba alitaja wavulana na wasichana. Neno hilo tutalirudia.

Wengine watasema: wazee wetu hawakuacha watoto hivihivi, wakati wa kiangazi waliwapeleka mukanda. Kwa Watshokwe, Walunda, Waluvale na Wandembu, mukanda ulishika wavulana miezi mingi mbali na kijiji. Siku hizi, kwa ajili ya masomo, umefupishwa ili uingie ndani ya vakansi. Juu ya vinyago sitasema kitu hapa, kila mmoja anajua mafundisho aliyoyapokea. Ninaangalia neno moja tu. Kule kambini siku ya mvulana ilikuwa imejaa kweli, nyimbo, kazi za mikono, mashauri, lakini wakubwa waliishi naye usiku na mchana. Hakutumwa kwa mtu asiyemjua ili baba apate nafasi. Sisi tumeshika nusu ya desturi ile: tunajaza siku ya mtoto, kisha sisi wenyewe hatuko. Hata wazazi wa Yesu, alipokuwa na miaka kumi na miwili, walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba yuko katika msafara. Msafara ulikuwa mzuri, wa jamaa na majirani. Lakini mtoto hakuwamo.

Sasa nifike kwa neno lililonisukuma kuandika. Hayo yote niliyosema, mpira, fanfari, kisolo, magari ya waya, ni ya nani? Tazameni kiwanja saa kumi. Utaona wavulana. Kisha tazameni kwenye maji. Utaona dada zao na bidoni za lita 20. Asubuhi msichana amefagia kiwanja cha nyumba, ameosha vyombo, amemfunga mdogo wake mgongoni, ametwanga sombe. Mchana amekwenda kuuza mbele ya stesheni pahali pa mama. Kaka yake anaporudi kutoka mpira amejaa vumbi, anakuta maji ya kuoga yako tayari na bukari iko mezani, anadhani vakansi ni kitu kinachoanguka kutoka mbinguni. Haianguki. Mtu aliibeba kichwani.

Mtanisikia vibaya mkidhani ninasema kwamba kazi ya nyumbani ni ubaya. Mkataba wa Afrika juu ya haki za mtoto, uliokubaliwa mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Mkataba huohuo, katika kifungu cha 31, unasema kwamba mtoto anapaswa kuheshimu wazazi wake na kuwasaidia wakiwa na lazima. Waafrika walioandika maneno yale walijua nyumba zetu. Waliandika yote mawili. Lakini hawakuandika kwamba kifungu cha 12 ni cha wavulana na cha 31 ni cha wasichana. Sisi ndio tuliogawanya hivyo.

Mama mmoja atajibu: mimi ni mjane, nauza, sina mtu mwingine isipokuwa binti yangu. Jibu hilo ni la kweli na sina ujasiri wa kumhukumu. Lakini mara nyingi katika nyumba hiyohiyo kuna wavulana wawili wenye nguvu. Wanaambiwa kwamba kuteka maji ni kazi ya wanawake. Nani aliwaambia? Wavulana haohao, wakienda kufanya matofali kwa ajili ya mshahara, wanachota maji mchana kutwa bila haya, juu ya tope la matofali halitengenezwi pasipo maji. Kumbe mikono inajua.

Na kanisa lisijitoe katika shauri hili. Tukiweka mazoezi ya korale saa kumi, saa ya maji na ya moto, tumekwisha kuchagua nani ataimba, hata kama hatukutaja jina la mtu. Kisha tunashangaa kwa nini wasichana wanachelewa, na tunawaweka nyuma kama adhabu. Afadhali mkubwa wa korale aulize kwanza katika nyumba, saa gani msichana ana nafasi, na kama hana hata moja, aende kuzungumza na kaka zake mbele ya kuzungumza naye.

Wasichana wana michezo yao, si kwamba hawajui kucheza. Nzango, ule wa kuruka, kupiga makofi na kutoa mguu mbele, walikuwa wakiucheza viwanjani mwa shule bila mtu kuwaangalia, na mwaka 2015 ulionekana katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville. Lakini nisianguke katika kosa nililolikemea juu. Si kwa sababu ya Brazzaville tuwape nafasi.

Saa mbili kwa siku zinatosha kuanza, na kaka ashike bidoni. Na kama katika saa hizo mbili binti hataki korale wala nzango, anataka tu kuketi chini ya mwembe na wenzake, wakisukana nywele na kucheka maneno ambayo sisi wakubwa hatuyajui, basi mama asimwite mpaka zimekwisha.